Mboga za bondeni, nyanya zenye unga mweupe na kikombe cha mwarobaini: kipi cha kuogopa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Dar es Salaam, nina ujauzito wa miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Kwenye simu zetu imesambaa sauti inayosema mboga za bondeni zina sumu za viwandani, na nyanya zenye unga mweupe zinaleta saratani. Tangu niisikie nanunua mboga kwa hofu, na siku nyingine sinunui kabisa. Mama mkwe amenishauri niloweke kila kitu kwenye maji ya chumvi na limau kwa nusu saa, kisha nyumba nzima tunywe mwarobaini uliochemshwa mara moja kwa wiki ili kutoa sumu mwilini: mimi kikombe, mtoto vijiko viwili. Mimi nimeshakunywa mara mbili, mtoto bado. Mama nampenda na sitaki kumvunjia heshima. Je, chumvi na limau vinatosha? Mwarobaini unasafisha damu kweli? Au niache mboga mpaka nijifungue?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa ujauzito na pole kwa mashaka. Kuna jambo lisilosubiri maelezo marefu, nalo ni mwarobaini. Uache kuanzia leo, na mtoto asipewe hata kijiko kimoja. Mara mbili ulizokunywa zisikukoseshe usingizi ikiwa hujaona damu wala kusikia maumivu ya tumbo la chini. Ila siku ya kliniki mwambie muuguzi ili aandike kwenye kadi yako. Ukiona damu, maji yakitoka au tumbo likianza kukaza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Sababu nitaieleza mbele. Mboga nazo usiziache, na hilo pia lina sababu.

Hiyo sauti imebeba ukweli kidogo, ila imefunga pamoja mambo matatu yasiyofanana: vimelea vya magonjwa, viuatilifu, yaani dawa za kupulizia shambani, na madini tembo, yaani metali nzito zenye sumu, kama risasi na kadimi. Kila kimoja kinaingia kwenye mboga kwa njia yake na kukaa mahali pake. Kinachoondoa kimoja mara nyingi hakigusi kingine, kwa hiyo chumvi na limau haviwezi kupewa jibu moja la ndiyo au hapana.

Nianze na vimelea, kwa sababu ndivyo vinavyoweza kukulaza wewe au mtoto wiki hii, si baada ya miaka ishirini. Bustani nyingi za mijini humwagiliwa maji ya mto au mfereji unaopokea vyoo na majitaka. Yamo humo bakteria wa kuhara, wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, yamo mayai ya minyoo na vijidudu vingine vya tumbo kama amiba na giadia. Safari haiishii shambani. Sokoni mboga hunyunyiziwa maji kutwa zisinyauke, mara nyingi kutoka ndoo ileile iliyotumbukizwa mikono na mafungu tangu alfajiri. Fungu la mchicha linaweza kuondoka shambani likiwa na uchafu kidogo na kufika kwako likiwa na uchafu wa soko zima. Kwa macho hutaona kitu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliwakumbusha wakazi wa jiji hili namna maji machafu na vyakula vinavyoliwa bila kupikwa vinavyoshirikiana.

Lakini moto unawamaliza wote hao. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, chainizi, nyanya chungu na bamia, vikipikwa mpaka vichemke na kutoa mvuke kila upande, havina tena bakteria hai wa kuhara wala mayai ya minyoo yanayoweza kuangua. Huhitaji kuipika mboga mpaka iwe nyeusi. Dakika chache za mchemko wa kweli, ukiigeuza ili ya juu nayo ipate joto, zinatosha kwa majani laini. Kisamvu kina mahitaji yake mengine na lazima kipikwe muda mrefu, kwa sababu ya sayanidi ya asili iliyomo kwenye majani ya muhogo.

Kwa hiyo kwa upande wa vimelea, mboga uipikayo haipaswi kukutisha. Panapotaka uangalifu ni kwenye vinavyoliwa vibichi: kachumbari, saladi ya kabichi, karoti ya kutafuna, giligilani inayonyunyizwa juu ya chakula kikiwa tayari, na matunda yanayokatwa na kuachwa wazi.

Hapa ndipo chumvi na limau vinapoingia, na mama mkwe wako hajasema jambo tupu. Limau lina asidi, na kimelea wa kipindupindu haistahimili asidi kabisa. Huko Guinea-Bissau, katika mlipuko wa miaka ya 1990, watafiti walikuta kwamba waliotia ndimu kwenye chakula chao kikuu waliugua kidogo kuliko wasiotia. Lakini angalia tofauti: ndimu ile ilikuwa ndani ya chakula chenyewe, ikiwa kali. Limau moja likikamuliwa kwenye beseni la lita tano asidi yake inapungua mno, na mayai ya minyoo na giadia hayajali kabisa. Kwa hiyo kamulia ndimu kwenye kachumbari kwa moyo mkunjufu, ni nyongeza nzuri, ila usiihesabu kuwa ndiyo iliyoosha.

Chumvi kazi yake kubwa ni wadudu. Vidukari, viwavi na konokono wadogo waliojificha kwenye kabichi na chainizi huachia wakiguswa na maji ya chumvi. Loweka dakika kumi, tikisa, mwaga. Lakini kijiko kimoja au viwili kwenye beseni haviui bakteria. Na kuloweka nusu saa kila kitu pamoja kuna kasoro yake: uchafu wa fungu moja unapata muda wa kusambaa kwa mengine yote.

Ipo kasoro nyingine ambayo wengi hawaijui. Nyanya iliyokaa juani gengeni ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Maji hayo huingia na vimelea vyake, na kikishaingia ndani hakuna kuosha kutakakokitoa. Nyanya, maembe na matikiti yaache kwanza kivulini yapoe, kisha yaoshe kwa maji yasiyo baridi kuliko yenyewe.

Uoshaji wenyewe ufanye hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chambua mboga kwanza: majani yaliyooza na ya nje kabisa tupa, mizizi yenye udongo kata. Weka kwenye beseni lenye maji mengi, sukasuka kwa mkono, kisha itoe mboga kwa kuiinua. Usimwage maji na mboga kwenye chujio kwa pamoja, kwa sababu mchanga uliotulia chini utarudi juu ya majani. Badilisha maji na urudie mpaka chini ya beseni pasibaki chembe, kwa kawaida mara tatu, na masika mara nne. Vyenye ngozi ngumu, kama nyanya, matango, karoti na embe, visugue kimoja kimoja kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, au umimine kwa kopo ukisugua. Kusugua ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa sababu yai la minyoo lina utando unaonata na haliondoki kwa kulowekwa tu. Osha kabla ya kukata, si baada.

Kwa vinavyoliwa vibichi ongeza hatua ya klorini. Dawa ya kufulia ambayo wengi tunaiita jiki, ile isiyo na harufu ya maua wala sabuni ndani, mara nyingi huwa na klorini asilimia 3.5, nawe thibitisha kwenye lebo. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwenye lita 3 za maji safi kinatoa takriban miligramu 58 za klorini kwa lita, kiasi kinachofaa kwa mboga. Zamisha vitu vilivyokwisha kuoshwa, ngoja dakika tano, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa. Mboga yenye udongo ukiitia humo, klorini inamalizwa na udongo kabla haijamfikia bakteria, na wengi huharibu hapo. Kosa lingine ni kutumia chupa iliyofunguliwa zamani na kuachwa dirishani, maana jua na joto huipunguza nguvu.

Tafadhali sana, usichanganye jiki na limau wala siki kwenye beseni moja. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na jikoni kwenye dirisha dogo inaweza kukuangusha. Sabuni ya unga ya kufulia pia isiguse mboga, kwa kuwa inabaki kwenye majani na kukera tumbo.

Hata klorini ina mipaka. Haiui mayai ya minyoo, wala vimelea vya toksoplasma vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka, ambavyo mjamzito anapaswa kuviogopa kwa sababu vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Kwa miezi iliyobaki ningekushauri ule kachumbari unayoitengeneza mwenyewe tu: nyanya uitumbukize nusu dakika kwenye maji yanayochemka na kuimenya, kitunguu kimenywe, tango limenywe, kabichi utupe majani mawili matatu ya nje. Ya mgahawani na ya pembeni ya chipsi iache. Ubao na kisu kilichokata kuku kisiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Kuna familia zinazolaumu mboga za bondeni kwa kuhara kulikotoka kwenye ubao wao wa kukatia nyama.

Sasa nyanya zenye unga. Ule unga mweupe au wa njano iliyopauka mara nyingi ni masalia ya dawa ya ukungu, hasa mancozeb au zenye shaba. Mkulima anaipulizia kwa sababu ukungu wa nyanya ukiingia wakati wa mvua unaweza kumaliza shamba zima kwa siku chache. Dawa hizi hukaa juu ya ngozi, haziingii ndani ya tunda kwa kiasi kikubwa, na kwa hiyo maji na vidole huondoa sehemu yake kubwa. Kwa maneno mengine, kile unachokiona ndicho unachoweza kukiosha kwa urahisi zaidi.

Zipo dawa nyingine za aina ya kunyonywa. Zinaingia kwenye jani na kutembea ndani ya mmea mzima. Imidacloprid ya wadudu ni mojawapo, na metalaxyl ya ukungu ni nyingine. Hizi haziachi unga, na hakuna chumvi, siki wala klorini inayozifuata huko ndani. Nyanya inayong'aa si hakikisho. Pengine imefutwa kwa kitambaa, pengine imepuliziwa dawa isiyoonekana.

Kinachomlinda mlaji hapo ni siku za kusubiri. Kila dawa iliyosajiliwa ina lebo inayotaja siku zinazopaswa kupita kati ya kupulizia mara ya mwisho na kuvuna, ziwe 3, 7, 14 au zaidi, ili dawa ivunjike. Mchezo unaharibika kwa kuwa nyanya hazivunwi siku moja. Zinachumwa kila baada ya siku chache kwa wiki nyingi, na masika mkulima anapulizia mara kwa mara, hivyo dawa ya Jumatatu inaweza kuvunwa Alhamisi. Kusimamia hilo ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa upande wa dawa, na Shirika la Viwango kwa upande wa chakula, jukumu lililohamia huko mwaka 2019. Mlaji hawezi kulimaliza beseni kwa beseni.

Sehemu yako ni hii. Nyanya osha kabla ya kupika, hata kama zinakwenda sufuriani moja kwa moja. Watu husema moto utaua dawa, lakini kwa mancozeb moto huivunja kuwa kitu kingine, ethylenethiourea, kinachosumbua tezi ya shingo, na mtoto wa tumboni anaitegemea tezi hiyo ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kutohuisha kibali cha mancozeb kwa hoja zinazohusu uzazi na homoni. Hili lisikutishe kupita kiasi, maana anayebeba mzigo mkubwa kabisa ni kijana anayepulizia bila glovu wala barakoa. Lakini ni sababu tosha ya kutupa maji yenye ule unga nje ya sufuria.

Ukitaka kuosha zaidi ya maji matupu, bekingi soda ina ushahidi. Jaribio lililofanywa Marekani katika Chuo Kikuu cha Massachusetts na kuchapishwa 2017 lilitumia gramu 10 kwa lita moja, kama vijiko viwili vya chai, kwenye matufaha. Kwa dakika 12 hadi 15 mabaki ya dawa mbili zilizopimwa yaliondoka juu ya ganda, ila sehemu iliyokwisha kupenya ndani ya ganda ilibaki. Nazungumzia bekingi soda yenyewe, ile nyeupe laini. Magadi hapana, bekingi pauda hapana. Loweka, sugua, suuza. Kama huna, maji yanayotiririka na vidole vinakupeleka karibu na hapo. Nyanya ikikutia shaka sana, imenye. Na usinunue kwa muuzaji mmoja mwaka mzima kwa mazoea tu. Mwenye genge anayejua nyanya zake zimetoka wapi ni bora kuliko mwenye nyanya kubwa zaidi.

Nije bondeni. Hapa sauti ile ina hoja nzito kuliko mahali pengine pote, na kuosha ni dhaifu kuliko mahali pengine pote. Bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, linapokea maji kutoka viwandani, gereji, machinjioni na dampo za mitaani. Risasi, kadimi na kromi zikituama kwenye udongo haziozi wala haziyeyuki na jua. Mzizi unazinyonya pamoja na maji, na mboga za majani huzikusanya zaidi kuliko matunda kama nyanya, bilinganya au boga. Kilicho ndani ya jani hakitoki kwa chumvi. Hakitoki kwa limau, klorini, bekingi soda wala kwa kuchemsha. Kinachotoka kwa kuosha ni vumbi la barabarani lililotua juu ya jani tu.

Madhara yake hayafanani na kuhara. Fungu moja la mchicha halileti saratani. Madini haya hujikusanya mwilini miaka kwa miaka. Kadimi hukaa kwenye figo, risasi kwenye mifupa. Hata hivyo mjamzito na mtoto mdogo wako kwenye kundi la kulindwa mapema, kwa kuwa risasi huvuka kondo la nyuma na ubongo unaokua huumizwa hata na kiwango chake kidogo. Dawa yake ni kubadili chanzo na kuchanganya. Usile mboga za majani za bonde lilelile siku saba kwa wiki. Nunua siku nyingine mboga zilizotoka mikoani, changanya na za matunda na za jamii ya kunde, na kama una kibaraza otesha mwenyewe. Viroba vitano vya udongo safi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ukavimwagilia maji ya bomba, vinatoa mchicha wa kuchuma ndani ya wiki tatu hadi nne. Udongo usiuchote kandokando ya gereji au barabara kuu.

Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kliniki meza bila kuruka. Mwili wenye upungufu wa chuma na kalisi hufyonza risasi nyingi zaidi, kwa hiyo vidonge hivyo vinakulinda kwa namna mbili. Na kama umekuwa ukitafuna udongo ule wa vijiti unaouzwa sokoni, pemba, uache kwanza kabla hujauogopa mchicha. Udongo wanaokula wajawazito umepimwa huko Geita na ukakutwa na madini yenye sumu kama arseniki, na hapo unaumeza wenyewe, bila mmea wa katikati.

Ndipo tufike kwenye kikombe. Hoja ya kusafisha damu inavutia kwa sababu inaahidi kwamba lolote lililoingia litatolewa mwishoni mwa wiki. Mwili haufanyi kazi hivyo. Viuatilifu vingi vinavunjwa na ini na kutolewa kwa mkojo na haja kubwa, kila saa, bila kungoja dawa chungu. Risasi iliyoingia mfupani haiondolewi na mmea wowote wa kuchemsha. Sumu ya risasi hutibiwa hospitali kwa dawa maalumu baada ya kupima damu. Na mwarobaini wenyewe una kemikali nyingi zinazopaswa kupita kwenye ini hilohilo. Unaliongezea kazi.

Kwa mjamzito hatari ni ya moja kwa moja. Dondoo za mwarobaini zimejaribiwa kwa wanyama zikakatisha mimba, na tangu zamani katika tiba za jadi za India mmea huu umetumiwa kuzuia uzazi. Unaweza pia kushusha sukari ya damu. Kwa watoto wadogo, mafuta ya mwarobaini yamesababisha sumu iliyoandikwa katika taarifa za kitabibu kutoka India na Malaysia: kutapika, kusinzia, degedege na ini kuharibika, tena kwa vipimo vya kijiko. Maji ya majani si makali kama mafuta, nakubali, lakini nani anajua nguvu yake? Majani ya mti mmoja na mwingine, ya kiangazi na ya masika, konzi moja au mbili, kuchemsha dakika kumi au saa nzima, hakuna kikombe kinachofanana na kingine. Tena mti ulioota bondeni au kando ya barabara unanyonya madini yaleyale unayoyakimbia kwenye mchicha.

Sisemi tiba za nyumbani zote zitupwe. Vipande viwili vitatu vya tangawizi kwenye chai husaidia kichefuchefu, na kiasi hicho cha chakula ni salama kwako. Kitunguu saumu mchuzini hakina neno, isipokuwa kwa anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au baadhi ya dawa za VVU, ambaye aulize kabla ya kukitafuna kama dawa. Mbegu za papai kwa minyoo zilijaribiwa Nigeria kwa watoto 60, matokeo yakachapishwa 2007, na yalikuwa ya kutia moyo, lakini ni utafiti mdogo, na kwa mjamzito sizishauri. Albendazole, dawa ya minyoo ya hospitali, ya miligramu 400 inajulikana kipimo chake, inamezwa mara moja na mtoto wa miaka mitatu kama wako anaipata bure kliniki kwenye kampeni za vitamini A, Juni na Desemba. Wewe pia kliniki watakupa ya minyoo, kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza imeshapita. Asali ni nzuri kwa kikohozi cha mkubwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe kamwe.

Kwa nini basi nasisitiza usiache mboga? Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima, na wewe una mtoto anayejengwa kwa foleti, chuma na vitamini A za majani hayohayo. Mjamzito aliyeacha mboga miezi minne amejiletea upungufu ulio hakika ili akwepe hatari aliyoweza kuipunguza kwa beseni, sufuria na kubadilisha genge.

Kuhusu mama, usiende kumwambia amekosea. Mwambie kliniki wamekataza dawa zote za kienyeji mpaka ujifungue. Hilo ni kweli, na wazee wengi huliheshimu neno la mkunga kuliko la mkwe. Kisha mpe kazi yenye maana: yeye ndiye asimamie uoshaji, chumvi yake kwa wadudu wa kabichi, ndimu yake kwenye kachumbari. Hata yeye mwenyewe, kama anatumia dawa za kisukari au presha, asinywe mwarobaini kila wiki bila daktari wake kujua.

Mtoto akiharisha, usianze na majani ya mpera wala maji ya limau. Anza na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama haipo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi uendelee. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, macho yakididimia, akilegea, ngozi ya tumbo ukiivuta irudi polepole, au akipata degedege. Kuhara kwa maji mengi kama ya mchele usikuuguze nyumbani hata saa moja. Wewe mwenyewe nenda ukipata homa, kuhara kunakozidi siku moja, au mtoto tumboni akipunguza kucheza baada ya kuwa umezoea kumsikia.

Mtu akila kitu kisha ndani ya saa chache akaanza kutoka jasho jingi, udenda, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikachezacheza na pumzi ikabana, hiyo ni dalili ya sumu ya viuatilifu. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali, na ubebe mabaki ya chakula chenyewe pamoja na chupa au pakiti ya dawa yoyote iliyokuwa karibu, hata kama ni ya mitishamba, ili daktari ajue anapambana na nini.